Picha ya "kabla na baada": uliza kwanza ilipigwa mwezi gani

Uzi mfupi, kwa sababu ya ile mijadala yetu ya Busia na Malaba. Mtu anaweka picha mbili za mto: ya zamani imejaa maji, ya leo ni mchanga mtupu. Halafu anaandika, "mnaona walichotufanyia?" Saa moja baadaye watu wanatukanana.

Jameni, zilipigwa mwezi gani? Huku kwetu mvua ndefu ni Machi hadi Mei, Januari ni kiangazi. Piga Mto Sio mwezi Mei, urudi Januari, tayari una "janga" la miezi minane.

Picha za kuaminika hupigwa palepale, msimu uleule, na ndani yake kuna kitu kisichohama. Majirani zetu Uganda wana mfano mzuri sana. Mwaka 1906 Vittorio Sella alipiga picha za barafu ya Rwenzori. Ukizilinganisha na za miaka ya karibuni, vilele ni vilevile, ila barafu imeisha kiasi cha kutisha: kutoka kama kilomita za mraba 6.5 hadi chini ya 1 kufikia 2003. Kiangazi kimoja hakifanyi hivyo.

Setilaiti nazo zinasaidia. Picha za Landsat zipo tangu 1972, na tangu 2008 ni bure kwa yeyote. Lakini nukta moja ni mita 30 kwa 30, kwa hivyo mto mwembamba unapotelea humo. Na kijani kinadanganya! Mafunjo, miwa, mikaratusi, kwa macho tu vyote ni kijani. Kinamasi kinaweza kulimwa chote na bado mtu akakuonyesha picha "ya kupendeza" jukwaani.

Tena picha haisemi ni nani. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kupita rekodi ya 1964. Picha za mafuriko ya Budalang'i zinaonyesha maji, basi. Ziwa lilichangia kiasi gani, mvua kiasi gani, na tuta la Nzoia je? Pesa za kulitunza zilienda wapi? Hilo la mwisho linatafutwa kwenye bajeti na ripoti za ukaguzi, si kwenye simu yako.

Mwenye picha ya zamani ya Sio au ya Mto Malaba kwenye albamu ya nyumbani, aiweke hapa chini. Mahali, mwaka, na tafadhali, mwezi.