Urani Katika Mkojo wa Mchimbaji
Msafiri atokaye Likoni, akiipita Kombani pale iachanapo njia ya Kwale mjini, akaelekea Msambweni, huingia katika ardhi ambayo mchanga wake, tangu mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024, ulichimbwa na kampuni ya Base Titanium kwa ajili ya madini ya ilmenaiti, rutaili na zirikoni. Na zirikoni, kwa tabia yake, hubeba urani kidogo, iwezayo kumwingia mchimbaji kwa njia ya vumbi.

Urani iingiayo damuni huchujwa na mafigo, ambayo ndiyo yadhurikayo kwanza, na takriban thuluthi mbili zake hutoka kwa mkojo katika saa 24 za mwanzo. Ndiyo maana mkojo hupimwa. Mfanyakazi apimwaye hana budi kuvua nguo za kazi na kuosha mikono kwa sabuni, kwani vumbi la ukuchani latosha kuharibu hesabu. Kisha atie mkojo katika chupa ya plastiki, maana kioo chenyewe huweza kuwa na urani. Maabara hupima pia kreatinini ya mkojo huo, ili mkojo mzito na ule mwepesi ulinganishwe kwa insafu.

Walakini urani iliyofungwa ndani ya zirikoni, ikivutwa mapafuni, haiyeyuki upesi, hivyo mkojo safi si dalili tosha ya usalama wa mapafu. Ni wajibu, kwa rai yangu, vumbi la hewani lipimwe pia, na kila mfanyakazi apewe majibu yake mkononi kwa lugha aifahamuyo.