Mwenzi Mwenye Hofu na Safari ya Makka

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa huku kwetu Bariadi, safari ya kwanza ya kuvuka bahari, na mara nyingi ndiyo ya mwisho, ni safari ya Hija. Watu wa pwani wao wamezoea. Mtu wa Unguja ana shangazi Maskati na mjomba Dubai, na habari za ng'ambo kwake ni kama habari za jirani. Ama sisi watu wa bara, tuliozaliwa baina ya mashamba ya pamba na mbuga za Serengeti, wengi wetu safari ndefu tuijuayo ni ya Mwanza, na aliyefika Dar es Salaam husimulia mwaka mzima. Ndipo ikawa, mume na mke wakijaaliwa kupata nauli baada ya kudunduliza miaka mingi, mara nyingi mmoja wao amekwisha kuiona Al-Kaaba kwa macho ya moyo, na mwenziwe hapati usingizi kwa hofu.

Juu ya huyu wa pili twataka kusema, kwa sababu husahauliwa. Katika mafunzo ya Hija hufundishwa nguzo na wajibu wake, ihramu na tawafu, na mafunzo hayo ni ya lazima. Lakini ni mara chache kusikia ikielezwa mtu afanyeje iwapo mkewe amemwambia usiku, taa imekwisha zimwa: "Mwalimu, nenda wewe. Mimi utaniombea dua huko."

Maneno hayo tumeambiwa sisi wenyewe, nyumbani mwetu. Naye mwenzetu ni mwanamke mcha Mungu, asiyepitwa na Alfajiri, na katika fedha tulizoweka kwa ajili ya safari hii, zilizotokana na mbuzi wake hazipungui zilizotokana na pamba yetu. Basi hofu yake si upungufu wa imani. Mume amwambiaye mkewe kwamba anaogopa kwa kuwa imani yake haba, amemdhulumu, na zaidi ya hayo amemfunga mdomo, asimweleze tena kinachomtisha. (Nao waume wenye hofu wapo, tena si wachache, ila wao husema kwamba mwaka huu shamba halina mtu wa kuliangalia.)

Yafaa ifahamike kwamba hofu ya safari si kitu kimoja. Tulipomwuliza mwenzetu kwa upole, leo neno moja, kesho jingine, tuliona ni hofu nne tano zilizofungwa katika pindo moja la kanga. Ya kwanza ilikuwa ndege. Watu wa Kanda ya Ziwa hatuna haja ya kuhadithiwa hatari za vyombo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka jirani na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Na tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam iliangukia ziwani ilipokuwa ikitaka kutua Bukoba, wakafariki watu 19. Mwenzetu aliziona picha za watu wakiivuta ndege ile kwa kamba. Mtu aliyeona hayo huwezi kumwambia "usiogope" ukadhani umekwisha kumjibu.

Ya pili ilikuwa msongamano, kwani habari za Mina za Septemba 2015, walipokufa mahujaji kwa mamia kwa kukanyagana, zilifika hata vijijini kwetu. Ya tatu ilikuwa joto: mwaka 2024 walikufa mahujaji zaidi ya 1,300, na joto la Makka lilipata kufika nyuzi 51.8. Ya nne ilikuwa wajukuu, na mama yake mzazi aliye mzee. Na ya mwisho, aliyoitoa baada ya wiki mbili akiwa anapepeta mchele, ilikuwa ni kupotea. Alisema: "Tutatenganishwa, wanaume huku, wanawake kule. Nikipotea nitamwuliza nani?" Kwa maoni yetu hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, nazo nyingine zilitangulizwa mbele kama watoto wanaotumwa kubisha hodi.

Tukarudi katika vitabu. Na kwa hakika tulishangaa kuona jinsi dini yetu ilivyomwekea mwoga na mzito nafasi yake katika Hija tangu mwanzo. Imepokewa na Bukhari kwamba Bibi Sawda, mkewe Mtume (s.a.w.), alikuwa mzito wa mwendo, akaomba ruhusa usiku wa Muzdalifa aondoke kabla ya msongamano wa watu, naye akaruhusiwa, na Bibi Aisha akasema baadaye kwamba laiti naye angaliomba kama alivyoomba Sawda. Bibi Umm Salama alishtaki kwamba hajiwezi, akaelekezwa atufu nyuma ya watu hali amepanda mnyama. Bibi Aisha mwenyewe alilia njiani alipopatwa na hedhi, akidhani Hija imempita, akafahamishwa kwamba afanye yote wafanyayo mahujaji isipokuwa kutufu mpaka atwaharike. Na yuko mtu aliyekuwa ameandikwa katika jeshi, na mkewe anatoka kwenda kuhiji. Mtume alimwamuru aache jeshi aende kuhiji na mkewe. Sasa, ikiwa mtu aliondolewa vitani ili afuatane na mkewe, sisi twapata wapi udhuru wa kumwacha wetu nyumbani kwa sababu ametetemeka kidogo?

Hapa huzuka swali ambalo wanafunzi wetu wakubwa wametuuliza: je, mume mwenye uwezo aweza kuchelewesha Hija yake kwa kumngoja mke atulie moyo? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata wengi wa Afrika ya Mashariki, Hija ni wajibu wenye wasaa kwa yule aliyeazimia kwa dhati na asiyechelea kushindwa baadaye kwa ugonjwa au uzee. Hoja yao moja ni kwamba Mtume mwenyewe alihiji mwaka wa 10 wa Hijra, hali faradhi ilikwisha teremka kabla yake. Maimamu wengine wamesema ifanywe mara tu mtu apatapo uwezo. Sisi tumechukua wasaa huo kwa mwaka mmoja tu, tukauandika, na mwenzetu akashuhudia maandishi yale. Twaona kuungoja moyo pasipo kuuwekea siku ni kuukubalia usiende kabisa.

Mwaka huo hatukuukaa bure. Kwa habari ya ndege, hatukumpeleka moja kwa moja katika safari ya baharini. Tulikwenda kwanza Mwanza kwa njia ya Lamadi na Magu, tukamzungusha mpaka lile daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwezi wa Juni 2025, lenye urefu wa kiasi cha kilomita 3, tukavuka maji yale yale anayoyaogopa. Siku ya pili tukapanda ndege ya Mwanza hadi Dar es Salaam kumzuru mwana wetu. Tulichagua hivyo kwa makusudi: safari ni ya saa moja na nusu hivi, twateremkia nchi yetu wenyewe, na akishindwa kurudi kwa ndege, mabasi yapo. Tulimweka karibu na bawa, kwani hapo mtikisiko huwa mdogo kuliko nyuma. Alishika tasbihi mpaka juu ya mawingu, kisha akauliza kama chakula kimekwisha lipiwa katika tikiti. Alipoteremka alisema basi la kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,000 kwa kupita Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, ni adhabu kubwa zaidi. Tangu hapo tukaweza kumwambia kwamba ndege iendayo Jeddah bila kituo huchukua saa tano hivi, naye akaipima kwa kipimo anachokijua.

Wazee waliotutangulia hawakuwa na kipimo hicho. Wao walikwenda kwa majahazi na meli, na mahujaji walioingia Bahari ya Shamu kutoka kusini walizuiwa karantini katika kisiwa cha Kamaran, kilichofanywa kituo tangu 1882. Waliokuwa waoga zama zile walikuwa na haki ya woga wao.

Msongamano na joto havikuondoka kwa maneno, ila vyapungua kwa maarifa. Daraja la kutupia mawe huko Mina sasa lina ghorofa kadhaa, na kila kundi hupangiwa saa yake. Ahadi yetu ni kutotoka nje ya saa hiyo hata wenzetu wakitushawishi. Wengi wa waliokufa mwaka 2024 walikuwa watu walioingia pasipo kibali cha Hija, wasiokuwa na mahema wala magari. Kwa hiyo mume asiyetaka kumtia mkewe hatarini asitafute bei ya chini kwa watu wa vichochoroni. Gharama ya Hija kwa mtu mmoja hupita shilingi milioni 10, na anayekuahidi nusu ya hiyo amekusudia nusu nyingine uilipe kwa roho yako. Tena Hija hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa miladi. Mwaka 2025 siku ya Arafa iliangukia tarehe 5 Juni, na kwa miaka ijayo itazidi kuliacha jua la kiangazi. Kwetu hilo lina uzito wake, maana mwezi wa Mei ndio pamba inapoanza kuchumwa, na wa kuisimamia lazima apatikane mapema.

Miguu nayo hufunzwa. Kwenda na kurudi baina ya Safa na Marwa mara saba ni zaidi ya kilomita 3, mbali na tawafu. Kila siku baada ya Alfajiri twatembea kwenda upande wa Somanda na kurudi, na hapa lazima tuseme kweli: anayebaki nyuma ni mwalimu. Mwanamke aliyeteka maji kisimani miaka 30 hafundishwi kutembea.

Ama ile hofu ya kupotea, dawa yake tuliipata mahali tusipopatarajia. Mwenzetu husema hajui Kiarabu, na ni kweli hajui kukizungumza. Lakini amehitimu Kurani tangu akiwa binti, na mwenye kusoma Kurani huweza kuyasoma majina ya milango. Tulimwandikia kwa herufi za Kiarabu "Bab Malik Abdul Aziz", ambao ni mlango namba 1 wa Msikiti Mtakatifu, na "Bab Malik Fahd", ambao ni namba 79. Akaisoma yote miwili papo hapo kama asomavyo juzuu. Tukaongeza tarakimu za Kiarabu, alizokwisha kuzijua kutokana na namba za aya. Tumekubaliana mlango wetu wa kukutania, tumekubaliana kwamba atakayepotezana na mwenziwe asizunguke, bali aende hapo akae, na akishindwa autazame mnara wa saa, wenye mita 601, unaoonekana kutoka mbali. Karatasi yenye namba ya simu ya kiongozi wa kundi ataishona ndani ya baibui. Usiku ule alilala kabla yetu.

Wajukuu watakaa na shangazi yao, na kwa mama yake mzazi tumeacha chakula cha miezi miwili na wasia ulioandikwa, madeni yakiwa yametajwa moja moja.

Jambo moja twapenda wasomaji wa mikoa yetu walizingatie mapema, nalo ni majina. Wengi wetu Bariadi ni watoto wa wazee walioingia Uislamu ukubwani, na kitambulisho cha taifa chaweza kuwa na jina la Kisukuma hali cheti cha kuzaliwa kina jina jingine. Pasi ya kusafiria ya kielektroniki, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, hailingani na karatasi zisizolingana zenyewe kwa zenyewe, na mwenye jina lisilo la Kiislamu huenda akatakiwa hati ya kuthibitisha dini yake kabla ya kupewa viza. Kurekebisha hayo huchukua muda, na mwoga akisukumwa huku na huku madirishani siku za mwisho husema: "Mmeona? Mungu hakutaka." Chanjo ya homa ya uti wa mgongo nayo ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika.

Kwa mwenzetu herufi moja ya jina la baba yake imeandikwa namna mbili katika karatasi mbili. Kiapo kimekwisha andikwa, na Jumatatu twaenda kukifuata. Amesema atakwenda mwenyewe, sisi tubaki na darasa.