Siku Nne Ndani ya Kuta za Dubrovnik

Mke wa askari amezoea kungoja. Kwa muda wa miaka 30 nilingoja barua, nikangoja uhamisho, nikangoja hodi ya usiku wa manane. Basi mume wangu alipostaafu, na binti yetu anayefanya kazi Ulaya akatulipia nauli ya mapumziko, nilitamka wazi kwamba safari hii twende mahali pasipo habari za bunduki. Binti akachagua Dubrovnik, mji wa kale kando ya bahari ya Adria, katika nchi ya Kroatia. Hakutuambia kwamba mji wenyewe ni ngome tupu.

Tuliingia kwa lango la Pile asubuhi na mapema, kabla meli za watalii hazijamwaga abiria wake. Njia kuu, iitwayo Stradun, imetandikwa mawe ya chokaa yaliyosuguliwa na nyayo za watu hata yanang'aa kama sahani. Mwenye viatu vya soli laini na aangalie asianguke. Karibu na lango lipo birika la Onofrio, lililojengwa katika karne ya 15, ambalo maji yake yaliletwa kwa mfereji kutoka chemchemi iliyo umbali wa kilomita 12 hivi. Maji yake yanafaa kunywa. Akina mama, jazeni chupa hapo, maana bei ya vinywaji mikahawani haisemeki.

Kuta zinazouzunguka mji zina urefu wa mita 1,940, na mahali pengine kimo chake hufika mita 25. Mume wangu, ambaye magoti humsumbua, alikataa fimbo akapanda. Kilichomfurahisha zaidi ni ngome ya Lovrijenac, iliyosimama peke yake juu ya mwamba nje ya lango. Upande unaomkabili adui ukuta wake una unene wa mita 12. Upande unaotazama mji, sentimita 60 tu. Wenye mji walifanya hivyo kusudi, ili mkuu wa ngome akiasi, mizinga ya mji iweze kuibomoa. Mume wangu alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Watu hao hawakutegemea mawe tu. Jamhuri yao, iliyojitawala tangu mwaka 1358 hata ilipovunjwa na Wafaransa mwaka 1808, ilimlipa Sultani wa Uturuki dukati 12,500 za dhahabu kila mwaka ili wafanye biashara kwa amani. Mtawala wao alikaa madarakani mwezi mmoja tu, kisha akampisha mwingine. Aidha, mwaka 1377 walipitisha sheria kwamba atokaye penye tauni akae siku 30 mbali na mji kabla ya kuingia. Ndiyo moja ya sheria za kwanza za karantini duniani.

Tulipokuwa juu ya kuta niliuliza jambo ambalo mwanamke yeyote mwenye nyumba angeliuliza: mbona vigae vya mapaa mengine ni vyekundu kama embe bivu, na vingine vimefifia? Mume wangu hakujibu. Alinishusha hadi langoni, penye ramani iliyojaa alama, akanionyesha kwa kidole. Kila alama ni mahali palipoangukiwa na kombora.

Mji huu ulizingirwa na jeshi la Yugoslavia kuanzia Oktoba 1991, nao ulikuwa umekwisha kuwekwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1979. Siku mbaya kupita zote ilikuwa tarehe 6 Desemba 1991. Kati ya majengo 824 ya mji wa kale, asilimia 68 yalipigwa wakati wa vita hivyo. Vigae vyekundu ni vile vilivyoezekwa upya. Mwaka 2005 mahakama ya kimataifa mjini The Hague ilimtia hatiani Jenerali Pavle Strugar, kwa kuwa hakuwazuia wala kuwaadhibu askari waliokuwa chini yake. Alifungwa miaka 8, ambayo baada ya rufaa ilipunguzwa ikawa saba na nusu.

Siku ya mwisho tulipanda mlima Srđ, wenye kimo cha mita 412, kwa kigari kinachoning'inia kwenye waya. Juu ipo ngome ambayo watetezi wa mji waliishikilia siku ile. Chini niliona kamba za nguo na paka waliolala vibarazani. Mume wangu alitazama vilima vya jirani, kisha mji.

"Mama," akasema, "hapa hakuna awezaye kusema hakujua anapiga nini."

Ndipo aliponisimulia kwamba usiku mmoja, akiwa kijana wa mizinga, aliamriwa kulenga mahali fulani, naye akamwomba mkubwa wake waitazame ramani tena. Waliitazama. Kilikuwa kijiji. Miaka 30 nilikaa na mtu huyu bila kuisikia habari hiyo.

Tulishuka kwa miguu, polepole kwa ajili ya magoti yake. Sokoni wanawake huuza tini kavu na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari. Nilinunua vifurushi viwili vya maganda. Kimoja alikimaliza kabla hatujafika langoni.