Banda la Karafuu kwa Mbao za Shambani: Tuliyojifunza Morogoro



Katika mkutano wetu wa mwisho yalisemwa maneno mengi juu ya banda la kwanza la Chama, na baadhi yake yalikuwa makali. Hatuwalaumu waliosema. Magunia 11 ya karafuu kavu, mali ya wanachama wanne, yaliingiwa na unyevu ndani ya banda lililojengwa kwa fedha za Chama ili liyakinge na unyevu huo huo. Karafuu zikaota ukungu, na daraja zikashuka. Mkutano ukataka kujua kosa lilikuwa la nani, na kama ni haki kutoa fedha nyingine kwa banda la pili. Tuliagizwa tuende kwa watu wanaoijua kazi ya mbao, tutazame, tuulize, kisha tuandike humu. Hii ndiyo habari yenyewe.

Yafaa kwanza tukiri kosa. Mbao zile tulizinunua mbichi, nazo zilitoka maji zilipopigwa msumari. Tulizipanga ubao kwa ubao, ukingo kugusa ukingo, kazi ikapendeza sana machoni, na siku ya kufungua banda hata mwanga haukupenya. Basi kaskazi ikaja na jua lake. Ubao wa upana wa inchi 8 ukikauka hupungua robo inchi, na miti mingine hata theluthi ya inchi. Mwisho wa kaskazi kidole cha mwisho kilipita baina ya ubao na ubao, na mvua ilipokuja na upepo ikaingia kama mgeni aliyealikwa. Fundi alikuwa ametuonya tungoje. Sisi ndio tuliokuwa na haraka, kwa kuwa msimu ulikaribia. Kosa, basi, ni letu sisi ofisini.

Wengine wameuliza kwa nini twende Morogoro, nasi ndio wenye karafuu. Jawabu ni kwamba na huko karafuu zipo. Milima ya Uluguru, iliyosimama nyuma ya mji wa Morogoro kama ukuta, upande wake wa mashariki hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na wakulima wa huko, pande za Matombo, Mkuyuni na Kinole, hupanda mikarafuu, midalasini na pilipili manga. Shida yao ya kuanika ni kubwa kuliko yetu. Tena ni watu wenye mazoea ya kupasua mbao kwa mikono juu ya miteremko ambayo gari haipandi. Na pale pale mjini kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kinachofundisha elimu ya misitu, kwa hiyo mtu akitaka kulinganisha maneno ya fundi na ya mwalimu hana haja ya kwenda mbali.

Tulikwenda watu watatu. Tulivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo tukapanda treni ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024. Safari haikufika saa mbili. Mwenzetu mmoja, mtu mzima, alikuwa amejitayarishia chakula cha njia nzima, akakifungua alipofika.

Banda tulilolitazama lipo Bigwa, ukingoni mwa mji, kwenye barabara iendayo Matombo. Mwenyewe ni mzee anayeweka karafuu na mdalasini kutoka mlimani akingoja bei. Alitupokea vizuri, lakini tulipomweleza habari ya magunia 11 aliuliza neno moja tu: "Wanangu, mlizipima mbao zenu?" Tukajibu kwamba tulizipima urefu na upana. Akacheka. Alikuwa na maana ya uzito, na jambo hilo tutalieleza mbele.

Miti aliyotumia yote ilitoka mashambani: mgrevilea, mfenesi na mwembe mmoja mzee. Hakuna hata gogo moja lililotoka katika msitu wa juu. Msitu wa Uluguru umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na kuna sababu, kwani mito yake ndiyo inayoingia mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Hata mti wa shambani hukatwa kwa kibali, na mbao zikisafirishwa hutakiwa hati. Kwa hiyo twawaambia wazi wale waliotutuma tuulize bei ya mbao za huko: hatukuuliza. Kuzileta mpaka kisiwani ni gharama juu ya gharama, na miti ya kufaa tunayo. Tulichokusudia kuleta ni ujuzi.

Sasa tueleze kazi ilivyo. Wapasuaji ni wawili. Sisi huku tumezoea kusikia habari ya shimo, mmoja akisimama juu ya gogo na mwenzake shimoni chini yake. Mlimani hawachimbi shimo. Hujenga jukwaa la miti penye mteremko, gogo husukumwa kutoka upande wa juu likaa juu ya jukwaa, na mtu wa chini akasimama penye hewa na mwanga. Gogo huondolewa ganda, kisha hupigwa mistari kwa kamba iliyochovywa katika unga wa mkaa au unga mweusi wa betri kuukuu. Kamba huvutwa ikaachiwa, mstari ukabaki umenyooka kuliko wa penseli. Hupigwa juu na hupigwa chini, na wote wawili hufuata mstari wao. Mtu wa juu ndiye anayeongoza msumeno. Wa chini huvuta, na kazi ya kukata hasa imo katika mvuto wake. Ndiye pia anayekula unga wote, kwa hiyo afunge kitambaa puani. Unga wa mvule hasa huwasha, na mvule una balaa la pili: ndani yake huwamo mawe meupe ambayo humaliza meno ya msumeno kwa dakika moja. Tuliona wapasuaji wakitumia karibu muda mwingi katika kunoa kwa tupa kama katika kukata, na walituambia kwamba anayeona kunoa ni kupoteza wakati atapata mbao zenye mawimbi.

Gogo lenye inchi 18 kwenye ncha yake nyembamba, lililonyooka, hutoa mbao kama 12 za inchi 1 kwa 8, pamoja na vipande vyembamba vya pembeni na mabanzi. Mabanzi yasitupwe. Yafaa kwa ua na kwa paa la muda la kufunikia mbao zenyewe.

Hapo ndipo pale tulipokosea sisi. Mbao zikitoka kwenye msumeno zisipelekwe kwenye jengo. Zipangwe kivulini, juu ya magogo yaliyoinuliwa futi moja na nusu kutoka ardhini, na baina ya safu na safu viwekwe vijiti vya inchi 1, vyote vya unene mmoja, vikae sawasawa kimoja juu ya mwenzake kama nguzo. Vijiti vikipishana, ubao hupinda. Ncha za mbao zipakwe rangi yoyote iliyobaki, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi nchani na huko ndiko ubao huanza kupasuka. Juu ya rundo yawekwe mabanzi au mabati na mawe mazito. Upepo upite, jua lisipige.

Ningojee mpaka lini? Ndilo swali la kila mtu. Wengi husema miezi mitatu au minne kwa ubao wa inchi 1, nayo si vibaya, walakini hewa ya kisiwani ina maji mengi kuliko ya Morogoro na miti haiko sawa. Hapa ndipo penye mizani ya yule mzee. Hukata kipande cha futi 2 katika mbao zile zile, hukiweka ndani ya rundo, na kila wiki hukipima na kuandika. Uzito hushuka wiki baada ya wiki. Ukiwa umesimama wiki tatu mfululizo bila kushuka, ubao umekwisha kukauka kadiri hewa ya mahali pale inavyouruhusu. Sisi wakulima wa karafuu tungepaswa kuona haya kwamba hatukuwaza hivyo wenyewe. Kilo 3 za karafuu mbichi hutupa kiasi cha kilo 1 kavu, na hapana mtoto wa shamba asiyejua hesabu hiyo.

Ukuta wenyewe una njia mbili zinazofaa, na zote mbili zinakubali kwamba ubao utaendelea kupumua, ukivimba masika na kusinyaa kaskazi. Njia ya kwanza ni kulaza mbao kama magamba ya samaki, kuanzia chini, kila ubao ukiufunika ule wa chini yake kwa inchi moja na nusu. Msumari upigwe karibu na ukingo wa chini wa ubao wa juu, lakini upite juu kidogo ya kichwa cha ubao uliofunikwa, usiushike. Ukizishika mbao mbili kwa msumari mmoja, zikisinyaa lazima moja ipasuke. Njia ya pili ni kusimamisha mbao wima, kila ubao ukapigwa misumari katikati yake tu, kisha juu ya kila pengo ukawekwa ukanda wa mbao wa inchi 2 au 3. Ya pili ni nyepesi kwa fundi mchanga, na hutumia vile vipande vyembamba. Sisi tumeipenda ya kwanza, kwa kuwa mvua ya upepo hupigana nayo bure.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: tazama ncha ya ubao, uone duara za mti. Upande uliokuwa karibu na moyo wa mti utazame nje. Ubao ukikauka, kingo zake huukimbia moyo. Ukiugeuza hivyo, kingo hujibana ukutani, na ukiukosea hujinyanyua kama mkeka ulioloa. Misumari iwe ya inchi 3 iliyopakwa zinki, kwa sababu ya chumvi ya bahari.

Mchwa nao wasisahauliwe. Nguzo isichimbiwe ardhini hata ikiwa ya mti mgumu. Isimame juu ya jiwe lililoinuka futi 2, na baina ya jiwe na nguzo kiwekwe kipande cha bati kilichojitokeza pande zote. Mchwa aweza kupita, lakini itambidi ajenge njia yake nje, mtu aione na kuibomoa. Bati hilo humsumbua panya pia. Sakafu ya mbao iinuke vivyo hivyo, hewa ipite chini. Mapaa yatokeze nje ya ukuta futi 2, na chini yake pabaki nafasi yenye wavu, hewa ya joto itoke. Ndani ya banda tusipake oili chafu ya gari wala dawa ya mchwa, kwani karafuu ni kitu cha kuliwa na hushika harufu.

Kwa hesabu yetu, banda la futi 12 kwa 16, lenye kuta za futi 8, lahitaji nguzo 14 za inchi 4 kwa 4, ikiwa kila baada ya futi 4 pana nguzo moja. Mbao za ukutani za futi 12, zikilazwa kama tulivyoeleza, ni 70, na tumeongeza 10 kwa pembe za paa na kwa zitakazoharibika. Ukiongeza kenchi na papi, magogo 10 ya kiasi tulichotaja yatatosha. Sakafu twaweza kuitoa katika mbao za banda la kwanza, ambazo sasa zimekauka vizuri mno.

Juu ya miti: mfenesi uliokoma kuzaa ni bora, mti wake ni wa njano na mchwa hawaupendi. Mwembe hupasuka kwa urahisi, lakini dumuzi wanaupenda, kwa hiyo uwekwe ndani na si kwenye nguzo. Mnazi mzee una mbao ngumu upande wa nje tu, katikati yake ni laini. Mkarafuu ulio hai hapana anayeugusa. Uliokufa wenyewe una mti mgumu, ila gogo lake ni fupi na hupasuka, tumeutumia kwa vigingi. Kabla ya kukata mti wowote, aonwe ofisa wa misitu.

Mwanachama mmoja alipendekeza kwamba kila shamba lilazimishwe kujenga banda kabla ya msimu. Hatukubaliani naye. Huko Uluguru tuliambiwa habari ya mwaka 1955, wakati serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru kulima matuta ya ngazi mlimani. Watu waliinuka, na mpango mzima ukaachwa, hata yale yaliyokuwa mema ndani yake. Mwenye kutaka banda atalijenga, na asiyetaka ataendelea kukimbia na majamvi mvua za vuli zikimkuta.

Fedha za banda la pili hazijaguswa, na hazitaguswa mpaka mkutano uamue. Magogo mawili ya mfenesi tumepewa na mwanachama bila malipo. Yamekwisha kupasuliwa nyuma ya ofisi na mbao zimepangwa. Kipande cha kupimia kilianza na kilo 2 na gramu 900. Kila Ijumaa baada ya sala hupimwa mbele ya yeyote apendaye kushuhudia, na uzito huandikwa mlangoni. Ijumaa iliyopita kilikuwa kilo 2 na gramu 300, na bado kinashuka.

Katibu