Mstari Mmoja Katika Wingu la Nukta: Regresheni Sahili na Utafiti wa Lugha katika Jamii

Tafiti za matumizi ya lugha zilizofanyika Afrika ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960, ambazo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1972 kwa Uganda, 1974 kwa Kenya na 1980 kwa Tanzania, ziliwazoesha wanaisimujamii wa eneo hili kusoma majedwali. Jedwali humweleza msomaji kwamba wangapi wamejibu nini. Halimwelezi jambo moja hubadilika kwa kiasi gani pale jambo jingine linapobadilika. Swali hilo la pili ndilo linaloshughulikiwa na regresheni sahili ya mstari.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba watu 400 wameulizwa mambo mawili: miaka waliyosoma shuleni, na katika kila mazungumzo 100 ya siku za kawaida ni mangapi huyafanya kwa Kiswahili badala ya lugha yao ya kwanza. Miaka ya shule ikiwekwa kwenye mhimili wa ulalo na mazungumzo kwenye mhimili wa wima, kila mhojiwa huwa nukta moja. Nukta hizo hazijipangi. Hutawanyika kama wingu. Regresheni hupitisha katika wingu hilo mstari mmoja mnyoofu, y = a + bx. Umbali wa wima kati ya kila nukta na mstari huitwa salio. Masalio huzidishwa kwa yenyewe, ili ya juu na ya chini yasifutane, kisha hujumlishwa. Mstari unaochaguliwa ni ule wenye jumla ndogo kuliko mingine yote.

Tuseme hesabu imeleta y = 30 + 2.5x. Mtu aliyesoma miaka 8 hukadiriwa kuwa na mazungumzo 50 ya Kiswahili. Ikiwa mwenyewe ametaja 62, salio lake ni 12, na pengine ni mfanyabiashara wa sokoni ambaye shule haikuwa mwalimu wake wa Kiswahili. Masalio makubwa aghalabu husimulia mengi kuliko mstari wenyewe, na ni hasara kwamba ripoti nyingi huyaacha. Ama ile 2.5, ambayo ni mteremko wa mstari, haisemi kwamba mtu akiongezewa mwaka mmoja wa shule atabadilika. Husema tu kwamba watu wanaotofautiana kwa mwaka mmoja wa shule hutofautiana, kwa wastani, kwa mazungumzo 2.5.

Jina lenyewe lina kisa. Mwaka 1886 Francis Galton alichapisha vipimo vya urefu vya watoto wazima 928 na wazazi wao, jozi 205. Aliona kwamba watoto wa wazazi warefu mno walikuwa warefu, lakini kwa wastani walirudi karibu na kimo cha kawaida: walibakiza takriban theluthi mbili tu ya ziada ya wazazi wao. Kurudi huko ndiko kulikoipa mbinu jina, ingawa leo hutumika hata pale ambapo hakuna kinachorudi popote.

Hatari ya kwanza ni jambo la tatu lililojificha. Nchini Tanzania, kwa mfano, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa mwaka 1977 uliwafikisha shuleni watoto wengi ambao wazazi wao hawakusoma. Kwa hiyo miaka ya shule na umri wa mhojiwa huenda pamoja, na mteremko unaodhaniwa kuwa wa shule huenda ukawa, kwa sehemu, ni wa kizazi.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, maana huwahukumu watu. Mwaka 1950 W. S. Robinson alichambua sensa ya Marekani ya mwaka 1930. Alipolinganisha majimbo, yale yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasiojua kusoma wachache: kipimo cha uhusiano kilikuwa -0.53. Alipowatazama watu mmoja mmoja, uhusiano uligeuka kuwa 0.12, wahamiaji ndio waliokuwa na wasiojua kusoma wengi kidogo kuliko wenyeji. Mteremko wa regresheni daima huwa na alama ileile ya kipimo hicho, kwa hiyo mistari miwili ya sensa ileile ingeelekea pande mbili. Sababu ilikuwa nyepesi: wahamiaji walikuwa wameishi zaidi katika majimbo ambayo wenyeji wake walijua kusoma.

Mtego huohuo humngoja anayelinganisha wastani wa mitihani wa wilaya na asilimia ya kaya zinazotumia lugha za mama, kisha akaamua kwamba lugha hizo ndizo zinazowaangusha watoto. Wilaya hizo huenda pia ndizo zenye walimu wachache na shule za mbali. Hojaji inayomhusu kila mwanafunzi, lugha ya nyumbani kwake pamoja na alama zake mwenyewe, inaweza kutoa mstari unaopanda pale ule wa wilaya uliposhuka.