KUBADILI BETRI YA RIMOTI YA GARI BILA KUHATARISHA WATOTO



Magari mengi tunayoyaona hapa Webuye, yakielekea Malaba, Bungoma au Kitale, yalitumika kwanza kule Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8. Basi gari likifika mkononi mwako, betri iliyo ndani ya ufunguo wake wa rimoti inaweza kuwa imeshachoka. Siku moja unabonyeza, mlango unakataa. Kuna wanaoambiwa wanunue ufunguo mzima, kumbe shida ni betri ndogo tu. Kuibadili ni kazi ya dakika 10.

Lakini betri hiyo ndogo ina hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Kwa hivyo soma mpaka mwisho, hata kama huna gari.

Dalili za betri kuisha

Unalazimika kukaribia gari sana, unabonyeza mara mbili tatu ndipo lisikie, au taa ndogo ya rimoti inafifia. Ikiwa rimoti zote mbili zimekataa siku moja, angalia kwanza betri kubwa ya gari lenyewe.

Usikwame njiani. Rimoti nyingi zisizo na ufunguo wa nje huwa zimeficha ufunguo wa chuma ndani. Sukuma kile kilachi kidogo kilicho kando yake, uuvute, ufungue mlango wa dereva. Kama gari huwashwa kwa kubonyeza kitufe, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe hicho, kisha ubonyeze. Magari mengi yatawaka, kwa sababu chipu ya usalama iliyo ndani ya rimoti haitegemei ile betri. Inapata nguvu kutoka kwa gari likiwa karibu.

Hatua za kufuata

1. Kaa mezani penye mwanga, mikono iwe mikavu. Tandika kitambaa cheupe ili kipande kikianguka ukione. Watoto wasiwe karibu.

2. Toa ufunguo wa chuma, kisha tafuta mwanya kwenye ukingo wa rimoti. Ukiona skrubu ndogo, ifungue kwanza.

3. Chukua bisibisi bapa ndogo, ncha yake uifunge tepu ili isikwaruze. Iingize kidogo tu kwenye mwanya na uizungushe polepole mpaka kasha lifunuke. Usitumie kisu. Kikiteleza kitakukata wewe au kiharibu bodi ya umeme.

4. Kabla ya kutoa betri ya zamani, angalia alama ya + imetazama upande gani. Soma pia namba. Nyingi huwa CR2032: 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. CR2025 na CR2016 zina upana uleule, ila ni nyembamba zaidi. Zote ni za volti 3, lakini ukinunua nyembamba mno italegea na rimoti itasumbua. Rimoti za alamu iliyofungwa baadaye, pamoja na za pikipiki, mara nyingi hutumia betri ya mviringo mrefu ya volti 12. Njia rahisi ni kwenda dukani na ile ya zamani.

5. Kwenye funguo za kuzungusha, chipu inaweza kuwa kipande kidogo tu, cheusi au cha kioo, kilichokaa ndani ya kasha. Kikipotea gari halitawaka, hata betri ikiwa mpya. Hata ukibadilisha kasha lililopasuka, usitupe lile la zamani kabla ya kuhamisha chipu hiyo.

6. Shika betri mpya kwenye kingo zake. Usiibane kwa koleo la chuma, kwa maana chuma kikigusa pande zote mbili chaji inapotea. Iweke, funika, gandamiza mpaka usikie mlio, halafu jaribu rimoti.

Hatari yenyewe

Betri ya milimita 20 inatosha kabisa kukwama kooni mwa mtoto. Ikilowa mate, umeme wake hutengeneza kemikali kali kama ile kostiki ambayo vikundi vya akina mama hutumia kupika sabuni. Kwa muda wa saa 2 tu inaweza kuunguza koo vibaya. Na usiseme "hii imekufa": betri iliyoshindwa kufungua mlango bado ina nguvu ya kuunguza.

Marekani walipitisha sheria mwaka 2022 kudai vifaa vya nyumbani vyenye betri hizi vifungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kuvifungua. Sheria hiyo ina jina la Reese, mtoto wa miezi 18 aliyefariki Desemba 2020 baada ya kumeza betri ya rimoti.

Dalili zake huchanganya: kutokwa na mate, kukohoa, kutapika, kukataa chakula. Mzazi anaweza kudhani ni homa tu. Ukishuku mtoto amemeza betri, fanya hivi:

– Mpeleke mara moja hospitali yenye mashine ya eksirei. Sema wazi, "Nashuku amemeza betri," isije ikadhaniwa ni sarafu.

– Usimtapishe, wala usimpe chakula au kinywaji.

– Ikiwa ameshapita mwaka 1, anaweza kumeza, na asali iko karibu, mpe vijiko vidogo 2 kila dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara 6. Usichelewe kwa kutafuta asali. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe.

– Ikiwa betri iko puani au sikioni, usitie dawa ya matone. Hospitali tu.

Betri ya zamani ifunge tepu pande zote mbili mara tu unapoitoa, uiweke kwenye mkebe wenye kifuniko, juu, mbali na watoto. Usiitupe uani, wala usiichome pamoja na takataka, kwani inaweza kulipuka. Itunze kama unavyotunza dawa ya ng'ombe. Betri za namna hii zimo pia katika saa, mizani midogo, na kadi zinazoimba, kwa hivyo pitisha habari hii kwa jirani asiye na gari.