Ziara Iliyoanza na Kuishia Hadado

Mkataa kwao ni mtumwa, walinena wahenga. Methali hii ilinijia nilipokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu hapa Hadado, magharibi mwa mji wa Wajir. Nilikuwa nimewapa mada iliyozoeleka: ziara nisiyoweza kuisahau. Takriban wote waliandika juu ya fuo za Mombasa na majumba marefu ya Nairobi, miji ambayo hawajaitia machoni. Mmoja alinirudishia karatasi yenye jina lake tu. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwa upole, "Mwalimu, hapa kwetu hakuna cha kuonwa."

Jibu hilo lilinichoma. Nikamwomba anitembeze Jumamosi, kana kwamba mimi ni mgeni.

Yamkini msomaji amesikia kwamba watalii wanaozuru Hangzhou, nchini Uchina, hutembezwa kando ya Ziwa la Magharibi, kisha hupelekwa kwenye vilima vya Longjing kuonja chai. Sisi tulianzia kisimani, ngamia wakinyweshwa kwa zamu. Kijana alinisomea chapa zilizochomwa kwenye ngozi zao, huyu wa nani na yule wa nani, bila kusitasita. Na huyu ndiye aliyekosa la kuandika!

Kisha akanipeleka kwa ayeyo, yaani nyanya yake. Tuliketi mkekani. Ayeyo alichemsha majani kwa iliki, mdalasini, tangawizi na sukari tele, akanimiminia kikombe cha kwanza bila maziwa. Cha pili alikitia maziwa ya ngamia kutoka katika chombo kilichofukizwa moshi. Waama, vilikuwa vinywaji viwili mbalimbali. Cha kwanza kilikereketa kooni. Cha pili kilikuwa laini, na harufu ya moshi ikabaki kinywani muda mrefu.

Nikamwambia kijana kwamba kikombe kile kilikuwa somo zima. Mchai huhitaji mvua ya milimita 1,200 au zaidi kwa mwaka. Wajir hupata takriban 300. Majani hutoka nyanda za juu, kama vile Kericho na Limuru, ambako mchai ulipandwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903. Chai huuzwa katika mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969. Hata neno lenyewe lina asili yake Uchina. Ni maziwa tu yaliyokuwa ya Hadado.

Ayeyo alisikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, mvua ilipokosekana misimu mitano, tulikunywa kile kikombe cha kwanza tu."

Alikuwa akizungumzia ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi 2022. Mjukuu wake aliinamisha kichwa. Jumatatu aliniletea kurasa tatu juu ya miaka ambayo chai ya nyumbani kwao haikuwa na maziwa.

Walimu wenzangu, tusiwalaumu wanafunzi kwa kuazima safari za wengine, ilhali vitabu na mitihani yetu imewazoesha kuamini kwamba ziara ni lazima iwe ya mbali. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuandika juu ya bahari msiyoijua, waulizeni ayeyo zenu walikunywa nini mwaka ule wa ukame.